Gedai fuyang: malezi yanayoruka kizazi

Wachina husema gedai fuyang. "Dai" ni kizazi, "ge" ni kutengwa na kilicho katikati, na "fuyang" ni kulea na kukimu. Yaani mtoto analelewa na babu na bibi, kizazi cha katikati kikiwa kazini au mbali.

Kijijini, wazazi wamekwenda kutafuta kazi viwandani, tuseme Guangdong, na mtoto amebaki. Hapo kuna mkono wa hukou, uandikishaji wa kaya uliowekwa kisheria mwaka 1958, unaofungamanisha huduma nyingi, shule ikiwemo, na mahali familia ilikoandikishwa. Kumhamishia mtoto mjini si jambo jepesi, basi anaachwa kwa bibi.

Mjini ni kinyume: anayehama ni mzee. Anafunga nyumba yake, anapanda treni, anakwenda kulea. Wazee hawa huitwa laopiao, wazee wanaoelea, na jina hilo linanichoma. Utawaona kwenye lango la shule, begi la mjukuu begani, chupa ya maji ya moto mkononi. Wazazi wakirudi, chakula kiko mezani. Lakini lahaja ya mji huo huenda bibi haielewi, na rafiki zake wa kupiga nao soga amewaacha kwao.

Mpango huu umesimama juu ya mambo mawili: vituo vya kulelea watoto chini ya miaka 3 ni vichache, na wanawake walistaafu mapema, wakiwa na miaka 50 au 55. Tangu Januari 2025 umri huo unapandishwa polepole, kwa miaka 15, hadi 55 na 58. Bibi wengine watapata wajukuu wangali kazini, na hili naona halizungumzwi vya kutosha.

Kisheria, Kanuni ya Madai, sheria kuu ya mambo ya kiraia iliyoanza kutumika 2021, inawapa babu na bibi wenye uwezo wajibu wa kulea pale tu wazazi wamefariki au hawana uwezo. Nje ya hapo ni hisani, na wapo waliokwenda mahakamani kuwadai watoto wao gharama za malezi wakalipwa.

Kwa hiyo sera ya kuwategemeza wazee haiishii kwenye nyumba za wazee. Ni bima ya afya inayotumika bila usumbufu katika mji alikohamia, vituo vya watoto ili naye apumzike, na pensheni. Mwaka 2025 kiwango cha chini cha pensheni ya msingi kwa wakazi wa vijijini kilikuwa yuan 143 kwa mwezi, na kuna bibi anayetoa humo humo nauli ya mjukuu.