Mbegu ya Chungwa Usiiache Ikauke

Mbegu nyingi za machungwa hufa kabla hazijafika udongoni. Mtu anakula tunda, anazianika dirishani kama anavyoanika mahindi ya mbegu, na wiki kadhaa baadaye anashangaa hazioti. Mahindi huhifadhiwa makavu. Mbegu ya chungwa, limau au chenza ikikauka sana, imekufa. Chagua zilizojaa, zioshe mpaka utelezi uishe, maana sukari inayobaki huleta ukungu, kisha uzipande siku hiyo hiyo.

Chombo chochote chenye matundu chini kinafaa. Fukia kina cha sentimita 1 hivi kwenye udongo usiotuamisha maji, mahali penye joto, na uuache na unyevu bila kuurowesha. Mara nyingi mche huchomoza kati ya wiki 2 na 4. Mwenye haraka anaweza kumenya kwa ukucha lile ganda gumu la nje, akianzia upande uliochongoka.

Hapo ndipo swali ninaloulizwa kuliko yote huja: "Nilipanda mbegu moja, mbona imetoa miche miwili?" Hujakosea. Mbegu nyingi za jamii hii hubeba viinitete kadhaa, yaani vimelea vichanga vya mmea ndani ya mbegu. Kimoja hutokana na uchavushaji, vingine hutokana na seli za mti mama peke yake, hivyo miche yake hufanana naye kabisa. Aghalabu hiyo ndiyo yenye nguvu, na ule mdogo uliopinda ndio wenye wazazi wawili. Bakiza wenye nguvu. Balungi (pomelo) ni tofauti: mbegu yake hutoa mche mmoja tu, na matunda yake huenda yasifanane na lile ulilokula.

Miiba mirefu isikutishe, ni dalili ya utoto wa mti. Utoto huo ni mrefu kweli: miaka 5, wakati mwingine zaidi ya 10, kabla ya ua la kwanza. Ndiyo maana nakusihi ubebeshe, yaani upachike kwenye mche wako jicho (kichipukizi) la mti unaozaa tayari. Shina likifikia unene wa penseli, chukua jicho kutoka mti unaozaa vizuri, usio na majani yenye mabaka ya njano, kwani magonjwa mabaya ya michungwa husafiri kwa njia hii. Chana gome kwa umbo la T, ingiza jicho, funga kwa utepe wa nailoni. Fungua baada ya wiki 3: likiwa bado la kijani, limeshika.