Je, wajua kwa nini uwanja wa Fenway una ukuta wa mita 11?

Ukienda Boston, Marekani, kutazama besiboli, acha gari. Treni kutoka New York inachukua saa nne hivi, na ukishuka stesheni ya Back Bay unadandia treni ya Worcester kituo kimoja tu hadi Lansdowne. Wengine hupanda treni za chini ya ardhi za Green Line, wanashuka Kenmore, kisha wanakwenda kwa miguu na umati wa mashabiki wenye kofia za Red Sox, timu ya nyumbani.

Kutoka Kenmore utavuka daraja la Brookline Avenue. Simama hapo kidogo, usikimbilie getini. Chini yako kuna reli, na kando yake barabara kuu iliyoongezwa miaka ya 1960. Mbele, ng'ambo ya mtaa mwembamba uitwao Lansdowne, utaona mgongo wa ukuta mrefu. Jibu la swali letu liko hapo darajani, kabla hata hujakata tikiti.

Fenway Park ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya meli ya Titanic kuzama. Ndio uwanja mkongwe kuliko vyote vinavyotumika leo katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Wakati huo viwanja vilijengwa katikati ya mji, mahali ambapo watu wangefika kwa tramu na treni, na mjenzi alilazimika kuridhika na kiwanja alichopata. Hiki kilizungukwa na mitaa kila upande. Upande wa kushoto, ukimtazama mrushaji kutoka anaposimama mpigaji, mtaa wa Lansdowne ulikuwa karibu mno, na nyuma yake kulikuwa na reli. Hapakuwa na pa kusogea.

Hapo msomaji aliyezoea soka atauliza: kwani uwanja hauna vipimo? Vipo, ila si vyote. Katika besiboli sehemu ya ndani hupimwa kwa ukali: kutoka kituo hadi kituo, yaani zile alama nne anazozunguka mpigaji akikimbia, ni mita 27.4, hakuna mjadala. Lakini uzio wa mbali kila mji ulijiwekea wake. Sheria ya leo inataka viwanja vilivyojengwa baada ya Juni 1958 viwe na angalau mita 99 kufuata mistari ya pembeni. Fenway ilikuwapo kabla, hivyo umbali wake wa mita 94 hivi upande wa kushoto umebaki vilevile.

Uzio ukiwa karibu kiasi hicho, dawa ni kuupandisha juu. Ukuta wa kwanza ulikuwa wa mbao, na ulisaidia pia kuwazuia watu wa nje wasitazame mchezo bure. Mwaka 1934 mmiliki mpya, Tom Yawkey, alipoukarabati uwanja, ukuta ulijengwa upya kwa zege na mabati. Mwaka 1936 ukawekewa wavu juu, kwa sababu mipira iliyoruka ilikuwa ikivunja madirisha ya mtaa wa Lansdowne. Kwa miaka mingi ulijaa matangazo ya biashara. Mwaka 1947 matangazo yakafutwa, ukapakwa rangi ya kijani, na ndiyo asili ya jina ambalo mashabiki wanaliita hadi leo: Zimwi la Kijani.

Zimwi hili linacheza. Mpira mkali unaokwenda kwa kasi, ambao kwingine ungetoka nje na kumpa mpigaji haki ya kuzunguka vituo vyote, hapa unaugonga ukuta na kurudi uwanjani. Naye anaishia kituo cha pili. Kinyume chake, mpira dhaifu uliopaa juu sana, ambao kwingine mlinzi angeudaka bila jasho, hapa unavuka. Tarehe 2 Oktoba 1978, katika mechi moja ya kuamua nani asonge mbele, Bucky Dent wa Yankees, timu ya New York, ambaye hakuwa kabisa mpigaji wa mapigo marefu, aliupiga mpira wa namna hiyo. Carl Yastrzemski, mlinzi wa Red Sox upande ule wa kushoto, aliyeujua ukuta ule kuliko mtu yeyote, alibaki chini akiutazama ukipita. Yankees walishinda 5 kwa 4. Boston bado inauma.

Ukiingia, tafuta ubao wa matokeo chini ya ukuta. Tangu 1934 unabadilishwa kwa mkono. Ndani ya ukuta kuna chumba chembamba chenye giza, na wafanyakazi wanachungulia mchezo kupitia matundu huku wakichomeka vibao vya namba. Katika zama za skrini kubwa kila mahali, mimi naona hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote uwanjani: namba inatoka, sekunde chache panabaki tundu jeusi, kisha namba mpya inaingia, na unajua nyuma yake kuna mkono wa mtu.

Mwaka 2003 wavu uliondolewa na viti vikawekwa juu ya ukuta. Ukikaa kule, mtaa wa Lansdowne uko mgongoni mwako, na treni za Worcester zinapita nyuma yake. Lakini ngazi ya chuma waliyokuwa wakipandia kwenda kuokota mipira wavuni haikung'olewa. Bado imebanwa ukutani, haina kazi tena, na mpira ukiigonga mchezo unaendelea: mlinzi hawezi kubashiri utarukia wapi, inabidi akimbie tu.