Bima ya nyumba na bati lililochakaa

Wengi hapa Dodoma huamini kwamba ukikata bima ya nyumba, au ukinunua bati lenye waranti ya miaka mingi, paa likivuja siku yoyote kuna atakayelipa. Inaeleweka. Mtu ametoa hela yake ili alale bila wasiwasi.

Ila bima ya nyumba kwa kawaida hulipia janga la ghafla: moto, au upepo mkali ulioezua paa. Bati lililoliwa na kutu kidogo kidogo kwa miaka 20 ni uchakavu, na mikataba mingi haiulipii. Waranti nayo ni ahadi ya kiwanda kuhusu kasoro za bati lenyewe, mfano rangi kubanduka mapema mno. Fundi akipiga misumari vibaya, kosa hilo si la kiwanda.

Kabla ya mvua za Desemba, panda ngazi uangalie vichwa vya misumari. Ukiona duara la kahawia limeuzunguka msumari na mpira wake umekauka hadi kupasuka, hapo maji yataingia, na gharama ya kurekebisha ni yako. Piga picha paa likiwa bado zima. Upepo ukija kuliezua, picha hizo zitaonyesha lilivyokuwa, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kwenye mkataba, anza na sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Kama umeandikwa kwa Kiingereza, mwombe wakala akufafanulie mstari kwa mstari kabla hujalipa. Kwa waranti, ulizia inaanza kuhesabiwa lini, na risiti usiitupe.