Asubuhi presha, usiku kolesteroli: kweli dawa hazikutani?

Mama mmoja alimwaga bahasha zake za khaki juu ya kaunta ya duka la dawa. Moja imeandikwa kwa kalamu "1x1 asubuhi", nyingine "1x1 usiku". Ya kwanza ni amlodipini ya presha, miligramu 10. Ya pili simvastatini ya kushusha kolesteroli, miligramu 40. "Nimezitenganisha mwanangu," akasema, "zisije zikagombana tumboni."

Dhana hiyo naisikia kuliko zote. Ukweli ni kwamba zinakutana tu. Amlodipini haina haraka ya kutoka: huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu kwenye damu, na kabla haijafika huko umeshameza kidonge cha kesho yake. Wala ugomvi wenyewe hauko tumboni. Uko kwenye ini na kuta za utumbo, ambako kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 huivunjavunja simvastatini. Amlodipini hukipunguza kasi, simvastatini ikabaki nyingi kuliko alivyokusudia daktari. Ndiyo maana mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka ukomo: anayetumia amlodipini asivuke miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Kwa diltiazemu na verapamili, nazo hutumika kwa presha, ukomo ni 10. Kwa hiyo tatizo la mama halikuwa saa. Lilikuwa ile 40.

"Si aache moja basi?" aliuliza kijana aliyekuwa nyuma yake. Hapana. Utafiti wa ASCOT, uliotangazwa 2003, ulifuatilia wagonjwa wa presha zaidi ya 10,000 ambao kolesteroli yao haikuwa ya kutisha. Waliopewa atorvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli, miligramu 10 juu ya dawa zao za presha walipata mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi, pungufu kwa theluthi moja hivi. Atorvastatini haisumbuliwi sana na amlodipini; zipo hata ndani ya kidonge kimoja. Rosuvastatini na pravastatini, za kundi hilohilo, hazikitegemei kimeng'enya kile. Daktari ana pa kuhamia, ila ahamishe yeye.

Halafu kuna maumivu ya misuli yanayohusishwa na dawa hizi za kolesteroli, ambayo wengine huyaita uzee na wengine huitupia dawa lawama zote. Utafiti mmoja wa Uingereza wa 2020 uliwachukua watu walioacha dawa hizi kwa sababu ya madhara: karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata wakimeza dawa waliupata pia wakimeza kidonge kisicho na kitu. Lakini ukishindwa kuinuka kwenye kigoda, mapaja yote mawili yanauma, na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana misuli inayovunjika huweza kuua figo.

Na "tunda ni tunda tu"? Mwaka 1989 watafiti wa Kanada walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakijaribu dawa ya presha iitwayo felodipini. Dawa ikapanda kwenye damu kupita matarajio yao. Balungi hukizima kimeng'enya kilekile, kwa hiyo simvastatini nayo imo. Chungwa tamu la Muheza halina neno. Kinachonitia hofu zaidi ni erithromaisini inayonunuliwa kwa ajili ya kikohozi bila muuzaji kuuliza mteja anameza nini kingine: hiyo haimezwi kabisa pamoja na simvastatini.

Yule mama alirudi kwa daktari wake, akabadilishiwa atorvastatini. Akaja kuniuliza kama hiyo nayo ni ya usiku. Simvastatini ndiyo hupendekezwa usiku. Atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, saa yoyote ni sawa mradi iwe ileile. Sasa anazimeza zote mbili asubuhi, na chai.