Valvu au transista? Anza na spika zako

Anayeniuliza anunue amplifaya ya valvu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa) au ya transista, mimi humuuliza kwanza spika zake zina desibeli ngapi. Wengi hawajawahi kuangalia. Namba hiyo mara nyingi huandikwa nyuma ya spika au kwenye kijitabu chake, na ina uzito kuliko ladha.

Inaeleza spika inalia kwa nguvu gani ikipewa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Kupandisha sauti kwa desibeli 3 kunataka wati mara mbili; desibeli 10, mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 98 inafikia kwa wati 1 pale ambapo spika ya 88 inafika kwa wati 10. Sasa, amplifaya yenye valvu moja ya 300B kila upande hutoa wati 8 hivi. Ifunge kwenye spika ndogo ya desibeli 85, itaishiwa nguvu kabla wimbo haujachanganya, nawe utailaumu valvu bure. Ifunge kwenye spika kubwa za desibeli 96 na kuendelea, sebule nzima inajaa.

Utamu wa valvu upo, na mimi naupenda sana. Usiku, sauti ikiwa chini, nikiweka dansi la Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, magitaa na waimbaji wanasogea karibu kabisa. Sababu yake inaelezeka. Gitaa likipiga noti ya hezi 220, valvu huchanganya humo hezi 440 kidogo, yaani noti ileile oktavu moja juu, na sikio huipokea kama unono. Ikizidiwa, hukunja kilele cha wimbi taratibu. Transista hukikata bapa, na hapo ndipo unatoka ule ukali unaochoma masikio.

Lakini unono huo ni nyongeza, haukuwemo kwenye rekodi. Anayetaka kusikia rekodi kama ilivyo achukue transista nzuri. Hata besi huishika vizuri zaidi, maana koni ya spika haiachwi iendelee kuyumba baada ya mpigo.

Kwa sisi wa Tabora kuna suala la umeme, na hapa sitaki mtu apoteze fedha yake. Filamenti za valvu nyingi (nyaya za ndani zinazoipasha joto), za aina ya EL34 zikiwemo, zinataka volti 6.3, na zinavumilia asilimia 10 juu au chini. Umeme ukipanda kutoka volti 230 hadi 253, filamenti inapata karibu 6.9, mwisho wa uvumilivu. Ukizidi hapo valvu inazeeka haraka. Ukishuka mno nako inadhoofika. Asiye na stabilaiza ya maana simshauri valvu hata kidogo.

Halafu LUKU. Amplifaya yenye EL34 nne hula wati 38 hivi kwenye filamenti peke yake, na jumla inaweza kufika 150 hata wimbo ukiwa umesimama. Saa 5 kwa siku ni uniti 0.75. Amplifaya ya klasi D, aina ya transista isiyopoteza umeme mwingi, ikikaa kimya hula wati chache tu, kwa hiyo nyumba inayotumia sola na betri haina haja ya mjadala. Joto lote lile linaishia sebuleni, na Oktoba ya hapa mnaijua. Usiifungie kwenye kabati la TV, na iwe mbali na watoto: kioo kinaunguza, ndani kuna volti 400 na zaidi, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa waya. Kwa amplifaya ya valvu, spika ziwe zimefungwa kabla hujawasha, la sivyo transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Valvu mpya nyingi zinatoka kwenye viwanda vichache vya Urusi, Slovakia na China. Nunua seti ya akiba siku ileile.

Familia yenye TV, mpira na kwaya za Jumapili, nawaambia transista bila kusita. Ukinunua iliyotumika, soma nyuma: zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100 na zinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kisha iwashe bila spika na bila muziki (transista tu, si valvu), weka mita kwenye volti za DC, pima matundu ya kufungia spika nyuma ya amplifaya. Nzuri huonyesha milivolti chache au makumi machache. Zikizidi 100, iachie muuzaji airekebishe kwanza, maana umeme huo ndio unaounguza koili ya spika.