Viza ya matembezi Uingereza: ofisa anaangalia pesa imetoka wapi

Swali tunaloulizwa zaidi na wateja wetu wa benki wanaojiandaa kusafiri ni hili: "Niwe na shilingi ngapi kwenye akaunti ndipo nipate viza ya Uingereza?" Kiwango hicho hakipo. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinamtaka mgeni awe na fedha za kutosha kugharimia safari yake yote, pamoja na nauli ya kurudi, bila kufanya kazi kule wala kutegemea misaada ya serikali. Kinachotosha kinapimwa na ofisa, kwa kulinganisha safari unayotaka kufanya na maisha unayoishi hapa nyumbani.

Fomu yenyewe inauliza unapata kiasi gani, unatumia kiasi gani kwa mwezi na safari itakugharimu kiasi gani. Majibu hayo husomwa sambamba na taarifa ya benki. Tuseme umeandika kwamba duka lako linakuingizia shilingi 1,500,000 kwa mwezi, lakini akaunti inaonyesha laki tatu hapa, laki mbili pale, kisha wiki moja kabla ya kuomba inaingia milioni 12 kwa mkupuo. Ofisa ataona salio nono, ila hataona limetoka wapi. Kwa kawaida hatakuita umweleze. Huamua kwa karatasi zilizo mbele yake.

Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wengi wanapoumia, na inasikitisha kwa sababu pesa ni yao halali. Mauzo yanaingia kwenye simu, mzigo unalipwa kwa simu, na benki inabaki na vumbi. Ukiwa na mpango wa kusafiri, anza miezi sita kabla kupitisha mapato yako benki. Kama muda umeshapita, omba taarifa ya miamala ya pesa kwa simu ya kipindi hichohicho, uiambatanishe na leseni ya biashara na nyaraka za kodi, uandike barua fupi inayoonyesha namna mauzo yanavyotembea kutoka kwenye simu hadi kwenye akaunti.

Fedha ya mkupuo si kosa, mradi ina maelezo. Umeuza kiwanja? Weka mkataba wa mauziano, na malipo yaonekane kwenye akaunti kwa tarehe inayolingana nao. Zamu yako ya upatu imefika? Barua ya kikundi inasaidia, ila ina nguvu zaidi ikiwa michango uliyokuwa ukitoa kila mwezi nayo inaonekana. Mwajiriwa aweke barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na ruhusa ya likizo, na mshahara uliotajwa ulingane na unaoingia benki. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anayetambulika.

Kanuni pia zinamruhusu ndugu au rafiki akugharimie. Kama ni dada yako anayeishi Leicester, barua ya mwaliko peke yake haitoshi. Aonyeshe kipato chake, taarifa zake za benki, uhalali wa kuishi kwake kule na uhusiano wenu. Nawe usiache kuonyesha kazi, biashara au familia unayoiacha nyumbani, kwa kuwa ofisa anapaswa pia kuridhika kwamba utarudi.

Kuna vishoka wanaokodisha pesa ikae kwenye akaunti siku chache, na wengine wanaouza taarifa za benki za kughushi. Tunawasihi wateja wetu wasiwasogelee. Mamlaka za viza huweza kuwasiliana na benki kuhakiki nyaraka, na anayebainika kudanganya anaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10. Adhabu hiyo ni nzito mno kuliko kuahirisha safari kwa miezi michache.

Ukinyimwa, barua ya uamuzi itataja sababu. Viza ya matembezi kwa kawaida haina rufaa, lakini unaweza kuomba tena kwa kulipa ada upya. Usirudishe fomu ileile na karatasi zilezile: jibu kila sababu iliyotajwa kwa hati inayoihusu, na ukiulizwa kama umewahi kunyimwa viza, sema ukweli.