Barafu ya Kibo inakwishaje kwenye baridi?

Wapandaji wa Kilimanjaro huniuliza: kama kileleni kuna baridi ya kugandisha, mbona barafu inakwisha? Wana haki ya kushangaa. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895, na wastani wa halijoto huko ni takribani nyuzi 7 chini ya sifuri. Hata hivyo, barafu iliyofunika karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya 2 kufikia 2011.

Mimi huanza na theluji. Ndiyo inayoilisha barafu, na ndiyo inayoikinga, kwa sababu weupe wake hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Masika au vuli zikipita na theluji haba, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi na kufyonza sehemu kubwa zaidi ya jua hilo. Tena hewa ya kule juu ni kavu, kwa hiyo barafu nyingi haiwi maji kabisa, inageuka mvuke papo hapo. Kwa uzito uleule, kazi hiyo hudai nishati zaidi ya mara 8 ya kuyeyusha, lakini jua la ikweta lipo mwaka mzima.

Ukifika kwenye kingo za barafu ya uwanda wa juu, utaona kuta zilizosimama wima. Hapo ndipo naona hatari kubwa. Theluji haishiki ukutani. Kuta zinazotazama kusini hupigwa na jua kuelekea Desemba, zinazotazama kaskazini kuelekea Juni, na zote hurudi nyuma tu. Hata mwaka wa theluji nyingi hauzirudishi zilipokuwa.

Wapo wanaosikia haya wakadhani tabianchi haihusiki. Inahusika sana! Unyevu wa theluji ya Kibo hutoka Bahari ya Hindi, na bahari ikibadilika joto, mvua zetu nazo hubadilika. Ukanda huu ulianza kukauka mwishoni mwa karne ya 19. Na kwenye barafu za chini zaidi, kama Lewis ya Mlima Kenya, kuyeyuka kwenyewe kuna nafasi kubwa kuliko Kibo.

Kuhusu maji ya mji wa Moshi, chini ya mlima, hofu kubwa naiweka kwenye msitu. Mito ya huko hupata maji yake hasa kutokana na mvua ya ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ni mdogo sana.